Kitenzi cha Kifaransa katika Mpaka wa Bwera

Utangulizi

Mto Lubiriha unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapita kati ya Mpondwe upande wa Uganda na Kasindi upande wa Kongo, kisha unaingia katika Ziwa Edward. Mtu atokaye Bwera akauvuka mto huo hasikii lugha ya nyumbani ikibadilika. Ng'ambo zote mbili wanaishi watu wa asili moja, ambao kwa Uganda huitwa Wakonzo na kwa Kongo huitwa Wanande, nao wenyewe hujiita Bayira. Kinachobadilika ni lugha ya darasani. Mtoto wa Kasindi hukaririshwa "je parle, tu parles, il parle". Mtoto wa Bwera hukaririshwa vitenzi vya Kiingereza. Wote wawili wakirudi nyumbani husema na mama zao kwa vitenzi ambavyo havikuandikwa ubaoni na mwalimu yeyote.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi jedwali la kitenzi cha Kifaransa, lile la nafsi sita, lilivyozaliwa, likasafiri, na likafika katika milima hii. La pili ni hoja ambayo mwandishi angependa walimu wenzake waipime: kwamba kitenzi cha kawaida cha Kifaransa kiko karibu na vitenzi vya Kiswahili na vya Kikonzo kuliko tulivyozoea kuambiwa, na kwamba mwanafunzi wa Kasese anayefundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza anazungushwa njia ndefu ilhali njia fupi ipo mlangoni pake.

Mpaka ulivyotenga madarasa

Mpaka huu haukuwekwa na wakazi wake. Mwezi wa Mei 1894 Uingereza ilipatana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwamba nchi zao zitenganishwe na mstari wa thelathini wa longitudo. Mstari huo ulikuwa rahisi kuuchora juu ya karatasi mjini Brussels, lakini ulikuwa mgumu kuuonyesha juu ya ardhi, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini unapita wapi kati ya milima na maziwa. Wapimaji wa pande mbili walifanya kazi katika miaka ya 1907 na 1908. Mwaka huo wa 1908 Ubelgiji ikaitwaa Kongo kutoka mikononi mwa Leopold, na mwezi wa Mei 1910 wakubwa wakakutana tena Brussels wakakubaliana kufuata alama za asili: kilele cha Rwenzori na Mto Lubiriha. Hivyo ndivyo Bayira walivyogawanywa wakawa raia wa dola mbili.

Upande wa Uganda, Wakonzo walikuwa wamekwisha kuwekwa chini ya ufalme wa Toro kwa mkataba wa mwaka 1900. Kwa sababu hiyo lugha ya shule za chini na ya kanisa ikawa Kitoro, na ya madarasa ya juu ikawa Kiingereza. Mtoto wa Kikonzo alijifunza kusoma kwa lugha ya jirani kabla hajaiona lugha yake mwenyewe ikiandikwa. Jambo hilo halikuwa dogo. Mwaka 1954 iliundwa jumuiya ya kuchunguza historia ya Wakonzo, na kiongozi wake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule. Miaka minane baadaye, mwaka 1962, mwalimu huyo huyo aliongoza harakati za Rwenzururu za kujitenga na Toro, na dharau iliyofanyiwa lugha ya Wakonzo ilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyozisukuma. Mukirane alifariki mwaka 1966. Ufalme wa Rwenzururu ulikuja kutambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009.

Upande wa Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mapadre wa shirika la Assumption walifika nchi ya Beni mwaka 1929 wakafungua misheni na shule. Kama ilivyokuwa desturi katika Kongo ya Wabelgiji, masomo ya mwanzo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, na Kifaransa kikangojwa juu ya ngazi: kilikuwa lugha ya madarasa ya mbele, ya ukarani na ya serikali. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 Kifaransa kilibaki lugha rasmi ya nchi hiyo, nacho Kiswahili kimetajwa katika katiba ya mwaka 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba.

Kiswahili kwenyewe kilikuwa kimefika zamani kuliko mpaka. Wapagazi wa Unguja walipita hapa pamoja na Stanley mwaka 1889, walipokuwa wakitoka bonde la Semliki kwenda pwani kwa njia ya Katwe penye ziwa la chumvi. Mwaka 1891 Lugard akajenga ngome Katwe. Baadaye askari, wachukuzi na wafanya biashara wakakieneza Kiswahili pande zote mbili. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe, mji ulikua kwa watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha walizokutania kazini na sokoni. Ikumbukwe, basi, kwamba kati ya lugha tatu ngeni zilizoingia milimani, yaani Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, ni Kiswahili peke yake kilichozijua pande zote mbili za mto.

Asili ya jedwali

Sasa tutazame kitenzi chenyewe. Mwanafunzi wa Kifaransa huanza na kitenzi cha kawaida, yaani kile ambacho hakivunji kanuni. Kitenzi "parler", maana yake kusema, huandikwa hivi kwa wakati uliopo:

je parle — ninasema
tu parles — unasema
il parle — anasema
nous parlons — tunasema
vous parlez — mnasema
ils parlent — wanasema

Mzizi "parl-" haubadiliki. Kinachobadilika ni mwisho wake: -e, -es, -e, -ons, -ez, -ent. Vitenzi vinavyoishia kwa -er na kufuata mfano huu ni kama tisa katika kila kumi vya Kifaransa, na karibu kila kitenzi kipya kinachobuniwa huingizwa katika kundi hili. Kundi la pili ni la vitenzi vya namna ya "finir", yaani kumaliza, nalo ni dogo zaidi. Vilivyobaki huwekwa katika kundi la tatu, ambamo mna wakaidi wengi. Ndiyo kusema, mwenye kulijua jedwali hili moja ana ufunguo wa sehemu kubwa ya lugha.

Jedwali hilo halikubuniwa na Wafaransa. Wanasarufi wa Kiyunani waliokuwa wakifundisha Misri na nchi za jirani ndio waliopanga vitenzi kwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa umoja na wingi, nao walipenda kutumia kitenzi chenye maana ya kupiga. Warumi wakaurithi mpango huo kwa Kilatini chao, na kitenzi kilichopata sifa kuliko vyote kikawa cha kupenda: amo, amas, amat, amamus, amatis, amant. Kwa karne nyingi watoto wa Ulaya waliyaimba maneno hayo sita shuleni. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, na hata "parler" imetoka katika neno la Kilatini cha baadaye, "parabolare", ambalo asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mfano au fumbo. Wafaransa walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao wenyewe, katika karne ya kumi na sita, walichukua sanduku la Kilatini wakapanga ndani yake vitu vyao. Mwaka 1842 Bescherelle alichapisha kitabu cha majedwali ya vitenzi, na jina lake limekuwa hadi leo jina la vitabu vya namna hiyo.

Yafaa ieleweke kwa nini sanduku hilo liliwafaa Warumi. Katika Kilatini kila mwisho ulisikika waziwazi. Mtu akisema "amamus", msikilizaji alijua kwamba wanaopenda ni "sisi", wala hakungoja atajiwe kiwakilishi. Mwisho wa neno ulikuwa ndio mtendaji.

Jedwali lilipokutana na vitenzi vyetu

Wamisionari walipokuja Afrika ya Mashariki walilibeba sanduku hilo pamoja na vitabu vyao. Mapadre wa Kifaransa, wanaojulikana kwa jina la Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, na mwaka 1885 sarufi ya Kiganda iliyotungwa na Livinhac kwa Kifaransa ilichapishwa Paris. Katika pwani, Padre Charles Sacleux, aliyeishi Unguja na Bagamoyo kwa karibu miaka ishirini, alitoa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili mwaka 1891, na mwaka 1909 akatoa sarufi kubwa ya lahaja za Kiswahili. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilitoka mwaka 1939. Kazi hizo zina thamani kubwa, na mtafiti wa lahaja hawezi kuzipuuza hata leo. Haifai kuwalaumu watu waliofanya kazi kwa vyombo walivyokuwa navyo.

Hata hivyo chombo huathiri kazi. Jedwali la nafsi sita lilipoletwa kwenye Kiswahili, safu zake zilijaa vizuri: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Lakini lilikuwa na nafasi sita tu, na vitenzi vyetu vinahitaji zaidi. Mti unaanguka, miti inaanguka. Kiti kinaanguka, viti vinaanguka. Jiwe linaanguka, mawe yanaanguka. Ukuta unaanguka, kuta zinaanguka. Mahali panapendeza, mle mnapendeza. Kwa Mfaransa, mti, kiti na jiwe vyote huhesabiwa kuwa nafsi ya tatu, na "il" au "elle" humtosha. Kwetu kila ngeli ina mlango wake. Sarufi zilizofuata desturi ya Ulaya zikalazimika kueleza nafsi sita mahali pamoja na ngeli mahali pengine, kana kwamba "anaanguka" na "kinaanguka" ni mambo ya aina mbili. Hadi leo wako wanafunzi wetu wanaotaja nafsi sita bila kusita, lakini wakiulizwa kiambishi cha "mayai" au cha "kucha" huduwaa. Huko ni kurithi jedwali la wengine bila kulipima.

Liko pia suala la istilahi ambalo walimu wa Kiswahili wanalijua. Tukisema "kunyambua kitenzi" twakusudia kupata pigia, pigisha, pigana, pigwa kutokana na piga. Mfaransa akisema anafanya "conjugaison" hakusudii hayo hata kidogo. Yeye anakusudia kubadili kitenzi kwa nafsi na kwa wakati, jambo ambalo sisi twaliita uambishaji. Mwalimu anayeeleza Kifaransa kwa Kiswahili aanze kwa kutenganisha mambo haya mawili, la sivyo mwanafunzi wake atatafuta katika "parler" kauli ya kutendea na ya kutendana, naye hataipata.

Jicho na sikio

Kwa kawaida mwanafunzi huambiwa hivi: vitenzi vya Kibantu hubadilika mbele, vitenzi vya Kifaransa hubadilika nyuma, kwa hiyo lugha hizi zimepeana mgongo. Maneno haya ni ya kweli kwa jicho. Kwa sikio si ya kweli.

Msikilize Mfaransa akilisoma jedwali lile kwa sauti. "Parle", "parles", "parle" na "parlent" husikika sawasawa, kama "parl" tu. Herufi za mwisho zilitamkwa zamani, zikafifia kadiri karne zilivyopita, na tahajia imezihifadhi kama kaburi lihifadhivyo mifupa. Kati ya sita, zinazosikika kwa mwisho wake ni mbili pekee: "parlons" na "parlez". Tena katika mazungumzo ya kila siku Wafaransa wengi hawasemi "nous parlons" bali husema "on parle", na hapo nafsi tano kati ya sita huwa na sauti moja.

Ikiwa miisho imekufa, ni kitu gani kinachomwambia msikilizaji nani anasema? Ni kile kilicho mbele: je, tu, il, on, vous, ils. Zamani Wafaransa waliweza kukiacha kiwakilishi, kama Warumi. Miisho ilipopotea kikawa cha lazima. Na kimekuwa cha lazima kwa namna ambayo mwalimu wa Kiswahili ataitambua mara moja. Muulize Mfaransa: "Qui parle?", yaani nani anasema? Hatajibu "je". Atajibu "moi". Vivyo hivyo Mswahili akiulizwa nani anasema, hajibu "ni-", hujibu "mimi". Neno "je" haliwezi kusimama peke yake, kama vile kiambishi "ni-" kisivyoweza kusimama peke yake. Na Mfaransa anapotaka kujisisitiza husema "moi, je parle", ambayo kwa Kiswahili ni "mimi ninasema", kiungo kwa kiungo. Wako wataalamu wa isimu wanaoona kwamba "je" na wenzake katika Kifaransa cha mazungumzo wamekwisha kuwa viambishi awali, ila tahajia bado inawaandika mbali na kitenzi.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi. Tazama mtendwa anapowekwa katika sentensi. Mswahili husema "ninamwona": kiambishi cha mtendaji, kisha cha wakati, kisha cha mtendwa, na mwishoni mzizi. Mfaransa husema "je le vois": je, le, vois. Mtendaji, mtendwa, mzizi. Mwingereza pekee ndiye anayemweka mtendwa baada ya kitenzi. Mwanafunzi wa Kasese aliyezoezwa Kiingereza kwa miaka saba au zaidi hukabiliwa na sentensi hii akaandika "je vois le", na mwalimu humtia alama nyekundu. Laiti angaliambiwa aifikirie sentensi hiyo kwa Kiswahili, au kwa Kikonzo cha mama yake, angaliipata bila taabu. Kosa si la akili yake. Amepelekwa Paris kwa kupitia London.

Ushahidi wa tatu ni wa nyakati. "Parlerai", yaani nitasema, ilizaliwa pale kitenzi cha asili, "parler", kilipounganishwa na "ai", yaani "nina", katika zama za kale: kama kusema "kusema ninako". Nasi kiambishi chetu -ta- kinatokana na kitenzi "taka". Lugha mbili zisizo na undugu zilichukua kitenzi kizima, zikakipunguza kwa matumizi hadi kikawa kiungo kidogo chenye kuonyesha wakati ujao. Tofauti ni kwamba Wafaransa walikibandika nyuma, sisi tukakibandika katikati.

Hata zile sauti zinazofanana hazina haja ya kututisha. Mwanafunzi hulalamika kwamba "il parle" na "ils parlent" hazitofautiki kwa sikio. Mkumbushe kwamba katika Kiswahili chetu "wasema" yaweza kuwa "wewe wasema" au "wao wasema", kwa sababu u- na wa- zote mbili zikikutana na -a- hutoa "wa". Twaelewana kwa muktadha, na Wafaransa huelewana kwa muktadha.

Kikonzo kama shahidi

Hoja hii haihusu Kiswahili peke yake. Kikonzo, ambacho wenyewe hukiita Olukonzo, na Kinande cha ng'ambo ni lugha moja yenye tofauti ndogo za mahali, na vitenzi vyake ni ndugu wa vitenzi vya Kiswahili. Kitenzi cha kulima ni "erilima": "eri-" ikishika mahali pa "ku-", na mzizi "-lim-" ukiwa ule ule. Viambishi vya nafsi navyo vinajulikana kwa mtazamo wa kwanza: u- kwa wewe, a- kwa yeye, tu- kwa sisi, mu- kwa ninyi, ba- kwa wao. Mswahili asemaye "tulime" yuko nyumbani. Mtoto wa Bwera anaingia shuleni akiwa tayari anajua, pasipo kufundishwa, mfumo wa kumweka mtendaji mbele, mtendwa karibu na mzizi, na wakati kati yao. Tena lugha yake hutenganisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa uangalifu ambao Kifaransa cha mazungumzo hakina.

Mtoto huyo, basi, haji darasani mikono mitupu. Lakini katika historia tuliyoieleza hapo juu, kila shule iliyomjia ilidhani kwamba anakuja hivyo. Kitoro kilimjia kama lugha ya bwana. Kiingereza kikamjia kama lugha ya mtihani. Na ng'ambo ya mto Kifaransa kikamjia ndugu yake kama lugha ya karani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomwambia: kitenzi unachokijua ndicho kipimo utakachopimia vingine.

Wajibu wa mwalimu wa Kiswahili

Mambo haya yangekuwa ya wanachuoni peke yao kama hali isingebadilika. Lakini imebadilika. Mwezi wa Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki waliamua kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwezi wa Juni mwaka huo huo marais wa Uganda na Kongo walikutana katika mpaka huu wa Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara za kuelekea Beni na Butembo. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya. Bwera, iliyokuwa pembe ya mwisho ya Uganda, sasa imekuwa katikati ya nchi mbili za jumuiya moja.

Na Kiswahili je? Historia yake katika Uganda ni ya kupanda na kushuka. Gavana Gowers alitaka kukipa nafasi shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, na Buganda ikampinga. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa kuwa wananchi walikwisha kukisikia vinywani mwa askari, tangazo hilo halikukiongezea mapenzi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima. Na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika sehemu nyingi za Uganda mwalimu wa Kiswahili angali anaulizwa: lugha hii itatufaa nini? Katika Kasese na Bwera jibu liko karibu. Kinafaa sokoni, kinafaa barabarani, na, kama makala haya yanavyodai, kinafaa hata kumfungulia mwanafunzi mlango wa Kifaransa.

Kwa hiyo mwandishi anapendekeza mambo matatu, ambayo yaweza kufanyika hata katika shule isiyokuwa na vitabu vya kutosha. Kwanza, kitenzi cha Kifaransa kifundishwe kwa sikio kabla ya jicho. Mwanafunzi azoee kusema "je parle, tu parles, il parle" kama viambishi vitatu juu ya mzizi mmoja, na miisho iliyoandikwa ije baadaye, ikielezwa wazi kwamba ni ukumbusho wa sauti zilizokufa. Ndipo atakapoelewa pia kwa nini "manger" huandikwa "mangeons" na "commencer" huandikwa "commençons": sauti ya mzizi inalindwa, na kanuni haivunjwi. Pili, kila jedwali la Kifaransa liandikwe ubavuni mwa jedwali la Kiswahili na la Kikonzo, ili mwanafunzi aone kinacholingana na kisicholingana. Tatu, jedwali la Kiswahili lisiishie kwenye nafsi sita. Liendelee hadi ngeli zote, ili mtoto ajue kwamba lugha yake ni pana kuliko sanduku lililoletwa kuipima.

Haisemwi hapa kwamba Kifaransa ni chepesi. Jinsia ya kike na ya kiume katika majina yake itamsumbua mwanafunzi. Vitenzi vya kundi la tatu vitamtoa jasho. Tahajia itamhitaji subira. Hata kanuni ya mtendwa tuliyoisifu ina mahali inapogeuka, kwani Mfaransa akiamrisha husema "regarde-le", akimrudisha mtendwa nyuma. Lakini ugumu wa kweli ni bora kuliko ugumu wa kubuni. Mwanafunzi akipambana na jinsia ya majina anapambana na Kifaransa chenyewe. Akiandika "je vois le" anapambana na kivuli cha Kiingereza.

Mkataba wa mwaka 1910 uliwapa watoto wa mama mmoja vitenzi viwili vya kukariri, kila mmoja ng'ambo yake. Hakuna mwalimu awezaye kuufuta mkataba huo, wala hilo silo tunaloombwa. Lakini mwalimu wa Bwera anaweza kusimama mbele ya darasa lake, akaandika ubaoni "je le vois", chini yake akaandika "ninamwona", na chini yake akamwacha mtoto aandike sentensi hiyo hiyo kwa lugha ya nyumbani kwao. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba mwenye kuishika asili yake hakosi njia ya kuzifikia lugha za wengine.